MAMA MARY MARTIN ALIWAHURUMIA WAJAWAZITO

Akina mama wengi wa Singida wamejifungulia Hospitali ya Makiungu. Je, unamfahamu mama ambaye imani yake iliwaleta masista pale?

Mary Martin alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1892. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliuguza majeruhi huko Malta na Ufaransa. Mwaka 1921 alikwenda Calabar, Nigeria, akaona shida za wanawake wakati wa kujifungua. Lakini siku zile sheria ya Kanisa haikuwaruhusu watawa kuzalisha. Alisali, akasubiri miaka 15, ingawa afya yake ilikuwa dhaifu. Mwaka 1936 Roma iliruhusu. Tarehe 4 Aprili 1937, akiwa mgonjwa kitandani huko Port Harcourt, aliweka nadhiri. Ndivyo shirika lake la masista wa tiba, MMM, lilivyoanza. Mwaka 1954 likafika Makiungu. Mama Mary alifariki mwaka 1975.

Tumkumbuke kwa matendo. Mjamzito aanze kliniki mapema. Akitokwa na damu, akiumwa sana kichwa, akivimba uso, akipata homa kali au kifafa cha mimba, apelekwe hospitali mara moja. Asingojee kesho.

Nanyi akina baba, wekeni akiba ya nauli kabla siku hazijatimia. Mama akifa kwa kucheleweshwa, nyumba nzima hubaki yatima.

Na jirani yako mjamzito, je, ana mtu wa kumsindikiza?