Je, Wajua? Kuna Mtoto Ambaye Mursik Yake Hupimwa

Mji wa Eldoret, Kenya, humpokea mwanariadha mshindi kwa kibuyu cha mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa. Lakini kwa mtoto aliyerithi hitilafu ya mzunguko wa urea, maziwa, nyama na maharagwe huliwa kwa kipimo cha daktari. Protini ikivunjwa mwilini hutoa amonia, nalo ini huigeuza kuwa urea inayotoka na mkojo. Wanasayansi Hans Krebs na Kurt Henseleit waliueleza mzunguko huo mwaka 1932. Ukikwama, amonia hupanda na kudhuru ubongo. Hata njaa ni hatari: mwili huanza kuvunja misuli yake wenyewe. Mtoto huyu akitapika, akikataa chakula au akisinzia kupita kiasi, usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitalini apimwe amonia.