Jani la Mgomba Si Miraa: Walimu na Wanafunzi Wazijue Video Zao

Nilipata kualikwa na walimu wa shule moja ya upili, mashariki mwa Mlima Kenya, kutazama filamu iliyoandaliwa na wanafunzi wao. Muhula mzima vijana hao walikuwa wamezunguka katika mashamba ya majanichai wakiwahoji wazee. Ukumbi ulijaa, taa zikazimwa, projekta ikawashwa. Sauti ilisikika, picha haikuonekana. Lawama zote zilimwangukia mwanafunzi aliyeleta flashi. Maskini, hakuna aliyekuwa amemfunza!

Jambo hili si dogo. Filamu siku hizi ni sehemu ya tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, ambalo mwaka 2024 lilifanyika Embu. Si haki jasho la vijana lipotee kwa sababu ya faili isiyofunguka.

Kosa huanzia kwenye jina. Wengi wetu tukiona faili inaishia na MP4, twadhani tumekwisha kuijua. La hasha! MP4 ni chombo tu, mfano wa jani la mgomba ambalo mkulima wa Igembe hufungia miraa yake. Ndani mna picha na sauti, na kila kimoja kimebanwa kwa kanuni yake. Kanuni hiyo ndiyo iitwayo kodeki. Kompyuta isiyoijua kanuni hiyo itaona jani, isione kilichomo.

Kwa nini picha zibanwe? Tufanye hesabu. Picha ya nukta 1,920 kwa 1,080, kila nukta ikichukua baiti 3, huhitaji baiti milioni 6 na ushei. Zikipita picha 25 kwa sekunde, dakika moja humeza gigabaiti 9. Kodeki ya H.264, iliyotolewa mwaka 2003, huweza kuishusha dakika hiyo hadi megabaiti 60 hivi, na macho yetu yasione upungufu mkubwa. H.265 ya mwaka 2013 huweza kupunguza hata nusu ya hapo, na simu nyingi mpya hurekodi kwayo. Siku ile simu ilikuwa mpya, kompyuta kuukuu.

Wako washikiliao kwamba kipya ndicho bora. Mimi nasema, bora ni kile kitakachofunguka mbele ya hadhira. Kwa maonyesho, tutumie MP4 yenye picha za H.264 na sauti ya AAC, kwani karibu kila mashine huielewa. Programu ya HandBrake hubadilisha faili bila malipo. Hata hivyo, faili asilia isifutwe kamwe: video iliyobanwa mara kwa mara hufifia kama karatasi ya mtihani iliyonakiliwa kutoka nakala ya nakala. Tena flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 hukataa faili ifikayo gigabaiti 4. Aidha, filamu ijaribiwe siku moja kabla, kwenye mashine ile ile itakayotumika.

Tuzihamishe pia kanda za VHS zilizosahaulika makabatini. Kampuni ya Funai ya Japani iliacha kuunda mashine za kuzichezesha mwaka 2016, na zilizosalia zazidi kuharibika.

Mwalimu mwenzangu, somo hili halihitaji zaidi ya kipindi kimoja. Kompyuta mpya huenda ikanunuliwa mwakani. Wazee wale waliohojiwa hawana ahadi ya kutungoja.