Kuna Kifaru Juu ya Meza Yetu

*Mwenzi wako anapomaliza Jumamosi nzima akipaka rangi kifaru cha plastiki, unacheka, unanuna au unavuta kiti ukae naye? Mimi nilivuta kiti.*

Wanaume wengi tunaowajua hobi yao ni moja: mpira. Wikiendi ni ligi ya Uingereza, katikati ya wiki ni ubishi wa Simba na Yanga, na mke mwenye akili anajua kabisa saa ambayo haulizi habari za ada ya mtoto. Ukipata mwenye hobi nyingine, mashoga zako watakuuliza mara mbili kama uko salama.

Wangu anaunda magari ya kijeshi. Ya plastiki, madogo ya kutosha kukaa kwenye trei ya chai. Tunaishi Lamadi, wilayani Busega, pale barabara ya Bariadi inapoachana na ile ya Mwanza kwenda Musoma. Ni mji wa mabasi, dagaa na magari ya watalii yanayowahi geti la Ndabaka kuingia Serengeti. Huku ukimwambia mtu kuwa mumeo yuko ndani na kifaru, kwanza anamfikiria mnyama.

Kazi yenyewe ikoje?

Unanunua boksi. Ndani yake hakuna gari, kuna fremu za plastiki zenye vipande vidogo mamia, vingine kama punje ya mchele, na karatasi ya maelekezo. Unakata kipande, unakilainisha kwa msasa, unakigundisha. Gundi yake si kama ya viatu. Inayeyusha kidogo plastiki za pande zote mbili mpaka zinashikana na kuwa kitu kimoja. Ukikosea, umekosea.

Kipimo kinachopendwa zaidi ni 1:35, maana yake gari halisi ni kubwa mara 35 kuliko hilo la mezani. Kisa cha namba hiyo kinachekesha. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipotoa kifaru chake cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitaka kitembee kwa mota. Basi mwili wake ukapimwa ili betri zienee ndani. Hesabu ilipopigwa ikaja kama 1:35, na kampuni nyingine zikafuata. Dunia nzima inapimia betri za Mjapani!

Kinachomweka mume wangu macho mpaka usiku ni rangi. Kwanza anapaka rangi ya msingi ili nyingine zishike. Halafu kijani cha jeshi, tabaka jembamba juu ya jembamba. Ikikauka, anapitisha rangi nyeusi iliyozimuliwa sana, inakwenda kulala kwenye mifereji na kuonyesha vivuli. Mwisho anachukua brashi karibu kavu yenye rangi hafifu, anagusa kingo tu. Hapo ndipo plastiki inaanza kuonekana kama chuma kilichochoka. Gari la vita likiwa jipya kama la shoroom, anasema, hilo ni toi.

Pesa, meza na harufu

Tuseme ukweli, hobi hii inakula hela. Lamadi maboksi hayo hayauzwi. Unaagiza nje, na nauli ya mzigo inaweza kuzidi bei ya mzigo wenyewe. Sisi tulikaa chini tukakubaliana mapema: kila mwezi kila mmoja ana fungu lake dogo, sawa kwa sawa, na haulizwi amelifanyia nini. Lake linakwenda kwenye vifaru. Langu linakwenda saluni na kwenye vitenge. Fungu likiisha, limeisha, hakuna kukopa kwenye hela ya chakula.

Jambo la pili ni harufu. Gundi ya plastiki na rangi za kupuliza si za kuvuta ndani ya chumba kilichofungwa, hasa kama kuna mjamzito au mtoto. Nilipokuwa na mimba ya binti yetu, kazi yote ilihamia barazani, na rangi zikabadilishwa kuwa zile za maji ambazo brashi yake unaisafisha kwa maji ya bomba. Hakubisha. Wembe na vipande vidogo vinafungiwa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, kwa sababu mtoto wa miaka miwili kila kitu ni pipi.

Udongo uliomfungua mzee

Mwaka jana aliunda Type 59, kifaru cha Kichina ambacho JWTZ lilikuwa nacho. Kile halisi, ukipima na mzinga wake ukielekea mbele, ni kama mita 9. Chetu kilikuwa sentimita 26. Alitaka kifanane na vile vya Vita vya Kagera, kwa hiyo akachota udongo wa hapa kwetu, ule mweusi wa mbuga, akauchekecha kwa chujio la chai na kuubandika kwenye minyororo kama tope.

Wiki hiyo baba mkwe alikuwa kwetu, amekuja kupimwa macho. Huyu ni mzee ambaye familia nzima ilijua mambo mawili tu: alikwenda Kagera akiwa mwanamgambo, na alirudi. Zaidi ya hapo, ukiuliza, anaomba chai.

Alikisogelea kile kifaru, akavaa miwani, akakiangalia muda mrefu. Kisha akauliza nani amemdanganya mwanawe, kwani tope la Kagera ni jekundu.

Mume wangu akaweka brashi chini. Mzee akakaa, akaanza. Akaeleza jinsi majeshi ya Idi Amin yalivyoingia Oktoba 1978, jinsi walivyokuta daraja la Kyaka limevunjwa, mvua ilivyonyesha, buti zilivyobaki kwenye matope mguu ukatoka peku. Akafika Masaka, mji uliotekwa Februari 1979. Akanyamaza. Halafu akamtaja kijana wa kijiji chao, waliyeondoka pamoja. Hakurudi. Mzee hajawahi kwenda Kaboya kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hiyo, na alisema hilo kwa sauti ya mtu anayedaiwa.

Nimeolewa katika familia hii miaka sita. Mume wangu ameishi humo maisha yake yote. Usiku ule ndio mara ya kwanza tulisikia jina la yule rafiki.

Kwani si kushabikia vita?

Marafiki wengine wananiuliza hivyo, na ni swali zuri. Jibu langu ni kwamba inategemea unaunda ukifikiria nini. Anayeona mzinga tu, ataona mzinga. Lakini ukikaa wiki tatu na kifaru kimoja utajiuliza watu walikaa wapi mle ndani. Nafasi ni finyu, joto ni kali, na Type 59 ni ya watu wanne. Mume wangu sasa hamalizi gari bila kuuliza nani alilipanda.

Kama mwenzi wako naye ana lake

*Muulize kabla hujalalamika.* Dakika kumi za kusikiliza anachokifanya zinakupa haki ya kusema lolote baadaye.

*Pangeni fungu, siyo ugomvi.* Hobi isiyo na bajeti inageuka kuwa siri, na siri ndiyo inayovunja nyumba.

*Ipe mahali na saa.* Kwetu meza ni yake mpaka saa moja jioni. Baada ya hapo ni ya ugali.

*Anzeni na mlivyo navyo.* Watoto wa mtaani kwetu wanaunda malori kwa waya, makopo na matairi ya malapa yaliyochakaa, na usukani unageuka kweli! Mkishika mkono kwenye boksi la katoni na wembe, ndipo mfikirie kuagiza Japani.

*Washirikisheni wazee.* Kitu kidogo cha kushika mkononi kinaweza kumfanya mtu aseme alichokaa nacho miaka 40 na zaidi.

Mwenzangu mmoja kazini alipokwenda likizo Bukoba alitubebea mfuko wa udongo mwekundu, na minyororo ikapakwa upya. Mzee ameikagua, akasema hapo sawa. Boksi la mwaka huu halijaagizwa. Fungu la vifaru na fungu la saluni tumeyaweka kwenye bahasha moja, ni nauli ya watu watatu kwenda Muleba. Tunataka tufike kabla ya tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa.