Ukurasa Mtupu Ulikwenda Wapi?

Mwenye saiba pale Nyacheki, Bobasi, hashindi na kazi moja. Asubuhi ni barua ya kuomba kazi, mchana kumbukumbu za kikao cha chama, jioni programu ya mazishi inayongojwa na familia nzima. Kila kazi huanza kwa kufungua Word, mteja akiwa amesimama mgongoni.

Hadi toleo la 2010, Word ilifunguka na ukurasa mtupu, tayari kwa kuandika. Toleo la 2013 likatanguliza skrini ya kuanzia: upande mmoja orodha ya faili za karibuni, upande wa pili vielelezo vya nyaraka. Anayejifunza husaidika. Mzoefu huulizwa kila mara swali ambalo jibu lake halijabadilika kwa miaka.

Tupige hesabu bila kutia chumvi. Akifungua mara 50 kwa siku, na kila mara akapoteza sekunde 4, hasara haifiki dakika 4. Duka halifungwi kwa hilo. Kinachoumia zaidi ni mkono uliozoea. Mpiga chapa hodari hutazama karatasi ya mteja, si skrini; sasa vidole vinatangulia kuandika pasipo na ukurasa, naye hulazimika kuinua macho na kuanza upya.

Kuna pia siri za watu. Ile orodha ya faili za karibuni ilibuniwa kwa kompyuta ya mtu mmoja. Katika saiba, humwonyesha mteja wa leo majina ya kazi za mteja wa jana: wasifu wa marehemu, makubaliano ya shamba, barua ya kujitetea kazini.

Windows 8 ilipoondoa kitufe cha Start mwaka 2012, kelele zilikuwa nyingi, na mwaka uliofuata kikarudishwa. Skrini ya Word ingali palepale, kwa kuwa kero yake ni ndogo mno kumpigisha mtu kelele. Zana nzuri huharibika hivyo, kero moja ndogo baada ya nyingine.

Dawa ipo: kubonyeza Esc huleta ukurasa mtupu, na katika mipangilio skrini hiyo huzimika kwa kuondoa tiki moja, na idadi ya faili katika orodha ikawekwa sifuri. Ila kompyuta mpya ikinunuliwa, tiki hiyo huwa imerudi, na mwenye saiba huanza tena kuitafuta.