Tembo wa Katwe Hawajanyamaza

Jioni, kwenye barabara iendayo Katwe kutoka Kasese, Uganda, utawakuta tembo wamesimama vichakani kimya, masikio yametandazwa, hata mguu hausogei. Madereva husema wanapumzika. Huenda wako katikati ya mazungumzo.

Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde. Mngurumo wa tembo hushuka hadi 14. Wataalamu huziita sauti hizo infrasauti, kutokana na neno la Kilatini "infra", yaani chini. Zipo chini kwa unene tu, maana kwa nguvu si haba.

Aliyezigundua kwa tembo ni Katy Payne, Mmarekani aliyezoea kuchunguza nyimbo za nyangumi. Mwaka 1984, karibu na vizimba vya tembo kwenye bustani ya wanyama ya Portland, alihisi hewa ikitetema bila kusikia kitu. Akakumbuka kinanda cha kanisani alipokuwa binti, mabomba yake mazito yalivyotikisa ukuta. Kanda alizonasa zilipochezwa kwa kasi, ngurumo zikasikika wazi.

Sauti nene haizuiliwi sana na miti wala nyasi. Jua likishazama, hewa ya chini ikapoa, inaweza kufika hata kilomita 10. Aliye Katwe akasikika hadi eneo jirani la Mweya na kupita. Tembo wanaihitaji sauti hiyo kweli. Madume wazima huishi mbali na majike, na jike huwa tayari kupandwa kwa siku chache tu katika miaka kama minne. Asipoita, nani atajua?

Kule Amboseli, Kenya, Karen McComb na wenzake waliwachezea tembo sauti zilizorekodiwa. Wakaona kwamba jike mmoja huzijua sauti za majike wengine wapatao 100, na kwamba familia inayoongozwa na bibi mzee hutambua upesi zaidi sauti ya mgeni.

Sasa rudi Katwe. Wakati wa Idi Amin na vita vilivyomwondoa, majangili na askari waliwamaliza tembo wa hifadhi ya Queen Elizabeth, inayoizunguka Katwe, kutoka maelfu hadi 150 hivi mwaka 1980. Walitafuta pembe kubwa, na pembe kubwa ni za wazee. Eve Abe, mtafiti Mganda aliyewachunguza baadaye, alikuta makundi ya vijana yasiyo na bibi wa kuyaongoza. Kwa maoni yangu hasara hiyo ilizidi ya nyama na pembe: walikufa waliojua nani ananguruma ng'ambo ya pili, ndugu au mgeni.

Idadi imepanda tena, kwa kuzaliana na kwa wanaovuka kutoka Congo. Njia hiyo ni ya kwenda na kurudi: mwaka 2020 mamia walihama kutoka Uganda wakaingia hifadhi ya Virunga, upande wa Congo, kwa pamoja.