Maumivu Baada ya Upasuaji: Je, Chanzo ni Sindano ya Mgongo?

Akina mama wengi waliojifungua kwa upasuaji huamini kuwa maumivu ya mgongo yanayowasumbua miezi au miaka baadaye yametokana na sindano ya ganzi waliyochomwa mgongoni. Imani hiyo ina hatari yake: humfanya mgonjwa avumilie tatizo linalotibika, au aikatae sindano hiyo pale inapomfaa kuliko nusukaputi.

Sindano hiyo huingiza dawa katika maji yanayouzunguka uti wa mgongo, na nguvu ya ganzi huisha baada ya saa chache. Mahali ilipochomwa panaweza kuuma kwa siku kadhaa. Maumivu ya muda mrefu, hata hivyo, kwa kawaida huwa na chanzo kingine. Ujauzito wenyewe hulegeza viungo na kuuelemea mgongo. Kisha huja kazi ya kuinama, kubeba na kunyonyesha. Waliojifungua bila sindano hiyo nao hupatwa na maumivu hayo.

Maumivu ya kichwa ni jambo jingine. Yakianza siku chache baada ya sindano, yakazidi unapoketi au kusimama na kupungua unapolala, huenda sindano ndiyo chanzo: maji ya uti wa mgongo huvuja kupitia tundu dogo lililoachwa. Mara nyingi hupona ndani ya wiki mbili, na yana tiba. Hata hivyo, usijitibu nyumbani, kwani shinikizo la damu baada ya kujifungua nalo huumiza kichwa.

Tunakushauri urudi hospitali mara moja ukiona dalili hizi:
- homa, au shingo kukakamaa;
- miguu kufa ganzi upya au kukosa nguvu;
- kushindwa kutoa au kuzuia mkojo au haja kubwa;
- kuona ukungu, au kupata degedege;
- kidonda kutoa usaha.

Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, uliza ulipewa ganzi ya aina gani na dawa zipi, na uombe ziandikwe katika kadi yako. Ukihisi dawa imekudhuru, mwombe mtoa huduma ajaze fomu ya taarifa ya madhara ya dawa. Huhitaji kuwa na uthibitisho. Shaka yako inatosha. Kuchunguza chanzo ni kazi ya wataalamu, na taarifa yako ndiyo mwanzo wa kazi hiyo.