Kutoka Kipese hadi Montana: kuwinda wapiti kwa mara ya kwanza bila kumaliza akiba

Huko Kipese, kwenye milima ya teritware ya Lubero, nyama ya porini si jambo la kutangaza barazani. Mbuga ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, haiko mbali. Kuwinda ndani yake ni kosa, na zaidi ya walinzi 200 wameuawa wakiilinda. Aliyekulia huko anajua kwamba bunduki porini ni ya askari, ya waasi au ya jangili, na akiiona haulizi maswali, anakimbia.

Ndiyo maana Wakongo wanaofika Missoula, mji wa jimbo la Montana, Marekani, hupata shida kuamini wanachokiona mwezi Oktoba. Wanaume kwa wanawake huvaa fulana za rangi ya chungwa, hupakia bunduki garini mchana kweupe na kwenda mlimani kwa leseni ya serikali. Wakirudi na mnyama, majirani huwapongeza.

Missoula ilianza kupokea wakimbizi upya mwaka 2016, na familia ya kwanza kufika ilikuwa ya Kikongo. Tangu hapo wengine wamefuata, na kadiri miaka inavyopita swali linazuka: je, na sisi tunaweza kwenda? Mnyama anayetafutwa zaidi ni elki, ambaye waliosoma Kifaransa wanamjua kwa jina la wapiti. Dume lake hufikia kilo 300 na zaidi, jike kilo 200 na ushee. Jike mmoja akishatolewa mifupa, nyama inayobaki inaweza kujaza friza ya familia kwa miezi mingi.

Shida ni bei. Mgeni wa porini hutaka kiongozi, na kampuni ya mawindo inayotoa kiongozi, farasi, hema na chakula kwa siku tano au sita hutoza kwa kawaida dola 5,000 na kuendelea. Bei hiyo mara nyingi haina leseni ndani yake, wala bakshishi ya kiongozi, ambayo ni desturi isiyokwepeka, wala malipo ya bucha atakayekata na kufunga nyama. Na kiongozi hauzi mnyama, anauza siku zake. Wawindaji walio wengi hurudi mikono mitupu, hata waliolipa.

Kwa mtu ambaye kila mwezi simu kutoka Butembo inamkumbusha karo, dawa na mchango wa matanga, dola 5,000 si fedha za kuchezea. Lakini kuna mlango ambao matangazo ya kampuni hayauonyeshi sana, kwa sababu wateja wao wengi wanatoka majimbo mengine.

Mlango huo ni ukaazi. Aliyeishi Montana siku 180 mfululizo na kutimiza masharti mengine ya idara ya wanyamapori ya jimbo huhesabiwa mkaazi. Leseni yake ya wapiti ni takriban dola 20, na ukijumlisha leseni mbili za msingi zinazotakiwa kabla yake, yote haifiki dola 50. Ndugu yake anayeishi Texas au Iowa akitaka kuja kuwinda pamoja naye atalipa zaidi ya dola 1,000 kwa leseni tu, tena baada ya kuingia katika bahati nasibu. Kwa hiyo anayehamia Montana leo na kutamani kuwinda afanye subira ya miezi sita. Hakuna punguzo lingine litakaloshinda hilo.

Kabla ya leseni kuna mafunzo. Kila aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1985 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Mafunzo hayo ni usalama wa silaha, kumtambua mnyama kabla ya kufyatua, na sheria. Asiye nacho anaweza kuanza kama mwanafunzi, akifuatana na mwindaji mzoefu mwenye miaka 21 au zaidi, kwa misimu isiyozidi miwili. Njia hii ina faida ambayo haimo katika maandishi ya serikali: mwindaji huyo mzoefu anaweza kuwa jirani, mfanyakazi mwenzako au muumini wa kanisa lenu, na hatozi kitu. Wengi wa Montana walifundishwa na baba zao hivyo hivyo.

Jambo la bunduki lisichukuliwe kwa wepesi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuimiliki kisheria. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, amekatazwa isipokuwa kwa masharti maalumu. Ambaye faili lake la uhamiaji bado liko mezani amwone mwanasheria kabla hata ya kuazima bunduki ya rafiki, maana kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini. Hakuna nyama yenye thamani hiyo.

Baada ya hayo, bado mtu anaweza kumtaka kiongozi, na si vibaya. Anayeingia msitu asioujua, wenye theluji na dubu, ana haki ya kuogopa. Ila si lazima anunue huduma nzima. Wawindaji wawili wakigawana kiongozi mmoja, kila mmoja hulipa pungufu. Kumwinda jike huwa rahisi kuliko kumwinda dume mwenye pembe za kutundikwa ukutani, ingawa jike huruhusiwa katika baadhi ya maeneo tu, wakati mwingine kwa kibali cha ziada. Kampuni nyingine hukupeleka kwa farasi hadi kambini, zikakuachia hema na jiko uwinde mwenyewe, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya huduma kamili. Na zipo zinazokubali kupigiwa simu baada ya mnyama kuanguka, zije na nyumbu kubeba nyama. Kwa mwenye miguu ya Kipese, aliyezoea kupanda na kushuka na gunia la viazi, huenda hiyo ya mwisho ndiyo pekee inayostahili kulipiwa.

Anayetaka kulipa malipo ya awali aangalie kwanza kama kampuni ina leseni ya bodi ya jimbo inayosimamia biashara hiyo. Aulize pia malipo hayo yanarudishwa au la akiugua, kiongozi mmoja ana wateja wangapi, na nani anabeba nyama. Majibu yawe kwa maandishi.

Mahali pa kuwinda hapakosekani. Msitu wa taifa wa Lolo, unaoizunguka Missoula, una eka milioni 2 hivi na hauna kiingilio. Kuna pia mpango wa jimbo ambao wenye mashamba hufungua ardhi yao kwa wawindaji bila malipo, jumla yake ikiwa karibu eka milioni 7. Nje ya mpango huo, shamba la mtu haliingiwi bila ruhusa yake, hata kama halina uzio wala kibao.

Sheria ya nyama ndiyo itakayomshangaza zaidi mtu wa Butembo, ambako nyama ya porini hununuliwa kama samaki. Montana, kuuza nyama ya mnyama uliyemwinda ni kosa. Kuiacha ioze porini ni kosa vilevile: mapaja, mikono na minofu ya mgongoni lazima vitoke. Kinachoruhusiwa ni kula na kugawa. Anayepiga hesabu kwamba atarudisha gharama zake kwa kuuza nusu ya mnyama aifute hesabu hiyo mapema. Akitaka kugawia majirani wa jengo zima, hakuna wa kumzuia.

Leseni za mwaka mpya huanza kuuzwa Machi 1. Msimu wa bunduki hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba na kudumu wiki tano. Katikati hapo kuna karibu miezi minane ya kupata cheti, kulenga shabaha, kutafuta bunduki iliyotumika na viatu visivyopitisha maji, na kumwuliza jirani kama mwaka huu ana nafasi ya mtu mmoja garini.